Mada ya programu ya mwaka wa mwisho: malaria ya taifa zima au maji ya hosteli?

Wanafunzi wa kompyuta wakifika mwaka wa mwisho na kugawanywa katika vikundi, ugomvi wa kwanza huwa ni mada. Wapo wanaotaka jambo zito: malaria, akina mama wanaofariki wakijifungua, wakulima wanaopunjwa na madalali. Wapo wanaotaka jambo lililo mlangoni mwao, kama chumba cha kupanga Kikoni, jirani na Chuo Kikuu cha Makerere hapa Kampala, foleni ya kantini au maji ya hosteli yanayokatika bila taarifa. Wasimamizi nao huwachanganya zaidi. Huyu anasifu manufaa kwa jamii, yule anachotaka ni kazi iishe kabla ya tarehe.

Wanaotetea mada kubwa wana ushahidi, tena wa nyumbani. Mwaka 2012 wanafunzi wa Makerere walipeleka WinSenga kwenye mashindano ya Imagine Cup ya Microsoft. Walichukua wazo la kile kipembe anachotumia mkunga kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto tumboni, wakakiunganisha na simu ili simu ndiyo ichambue sauti. Mwaka 2018 Brian Gitta, akiwa na miaka 24, akawa Mganda wa kwanza kushinda tuzo ya uhandisi ya Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Kifaa chake, Matibabu, hubanwa kidoleni, humulika mwanga mwekundu, kisha majibu ya malaria huonekana kwenye simu bila tone la damu. Ukiwa na mifano hiyo, kumwambia kijana wa miaka 22 ashughulike na foleni ya kantini ni kama kumdharau.

Lakini tuitazame mifano yenyewe. Gitta hakuitoa malaria kwenye orodha ya matatizo ya taifa. Aliugua, akapimwa damu mara kadhaa, na vipimo vikashindwa kuiona. Alianza na kero iliyompata mwenyewe, akajikuta amefika kwenye fizikia ya mwanga na majaribio ya kitabibu, mambo ambayo hakuna mhadhara wa kuprogramu unaoyamaliza. Programu ya mCrops, iliyotoka maabara ya akili bandia ya Makerere, nayo hutambua ugonjwa wa muhogo kwa picha ya jani, uwe batobato au michirizi ya kahawia. Watu huona simu na picha. Hawaoni kwamba nyuma yake palikuwa na wataalamu wa kituo cha utafiti wa mazao cha Namulonge, watu wanaoweza kulitazama jani na kusema kwa hakika lina ugonjwa gani. Bila wao, zile picha zingebaki majani tu.

Kwa hiyo ukubwa wa mada si tatizo. Tatizo ni kikundi cha watu wanne kuandika kwenye pendekezo kwamba "tutapunguza vifo vya malaria", ilhali hakuna nesi hata mmoja anayewafahamu, hakuna zahanati iliyokubali kuwapokea, na mtumiaji wanayemchora kwenye ripoti ni mama wa kijijini waliyemtunga wakiwa Wandegeya, karibu na chuo, wanakula rolex, ile chapati ya mayai. Mama huyo hukubali kila kitu. Hajawahi kukataa kitufe, wala kulalamika kwamba maandishi ni madogo.

Hapo ndipo mada ndogo inaposhinda. Mwenye hosteli yupo, jirani wa chumba yupo, na akiona programu yako ni ya ovyo atakwambia jioni hiyohiyo. Mwanafunzi anajifunza usanifu kwa kukataliwa, na kukataliwa kunahitaji mtu wa karibu.

Hata hivyo, mada ndogo zina ugonjwa wao, na majopo ya watahini wana haki ya kuchoka nazo. Programu ya kutafuta hosteli imeshatengenezwa na kila kizazi cha wanafunzi, na mara nyingi hufa siku alama zinapotoka. Sababu yake haijadiliwi inavyostahili. Mshindani wa programu hizi ni kundi la WhatsApp. Maji yakikatika, mtu mmoja huandika kwenye kundi la hosteli na wote wakajua. Ukitaka wapakue kitu kipya, wafungue akaunti na wakumbuke neno la siri, lazima uwape jambo ambalo kundi haliwezi. Wengi hawatengi nafasi ya swali hilo kwenye ripoti, na mimi naona ndilo swali la kwanza.

Kuna mada za katikati ambazo zinanivutia zaidi, na usafiri wa Kampala ni mojawapo. Kikundi huamua kuonyesha ratiba za taksi, yaani mabasi madogo ya abiria, kwenye ramani, kwa kuwa wameona programu za namna hiyo za London au Nairobi. Sasa nenda paki ya zamani, kituo kikuu cha taksi, uulizie ratiba. Taksi ya watu 14 huondoka ikijaa. Saa yake ni abiria wa mwisho. Ukichora skrini inayosema "gari linaondoka 2:15", umesanifu mji mwingine. Msafiri wa hapa anataka kujua mambo mengine kabisa: nauli ya kwenda Ntinda imepanda kiasi gani baada ya mvua, gari gani limebakiza viti viwili, kondakta atampitisha njia ipi kukiwa na msongamano. Kazi ya kugundua maswali hayo ni usanifu kamili, hata kama mwishowe kikundi kitatoa skrini tatu tu. Tena watumiaji wamejaa pale pakini, wana muda wa kuzungumza, kwa sababu gari bado halijajaa.

Mada inayotegemea mfumo wa mwenzako nayo ni ya kuchunguza vizuri. Programu ya kuripoti umeme uliokatika ni wazo zuri, lakini mkataba wa miaka 20 wa kampuni iliyousambaza, iitwayo Umeme, ulikwisha tarehe 31 Machi 2025 na usambazaji ukarudi kwa shirika la serikali, UEDCL. Mradi ulioegemezwa kwenye namba, fomu na taratibu za kampuni moja ungejikuta umening'inia katikati ya muhula.

Suala la simu yenyewe halina mjadala mrefu. Ukisema mtumiaji wako ni mkulima wa Teso mwenye katoochi, simu ndogo ya vitufe yenye tochi na redio, basi kazi yako ni ujumbe mfupi au menyu ya nyota na reli (* na #), hata kama haipendezi kwenye slaidi. U-Report, huduma ya UNICEF ya kukusanya maoni ya vijana iliyoanza hapa Uganda mwaka 2011, ilijengwa juu ya ujumbe mfupi. Na hata mwenye simu janja hupima bando lake. Mwaka 2018 serikali ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kutumia mitandao ya kijamii, na kodi hiyo ilipoondolewa mwaka 2021 ikaja asilimia 12 juu ya data. Programu inayopakua picha nzito kila inapofunguliwa ina gharama ambayo kikundi kinachotumia Wi-Fi ya chuo hakiioni.

Kwa mada za afya kuna kikwazo kingine. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 huzihesabu taarifa za afya kuwa data za pekee, na huwezi kuzikusanya wodini kwa kujitambulisha tu kuwa mwanafunzi. Kibali kinaweza kula muda wote wa mradi. Wanaotetea mada kubwa hujibu kwamba hata kufuata kibali ni elimu. Kweli, ila wasishangae kama mwisho wa mwaka wana barua nyingi na programu hawana.

Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna mada tunayoitamani. Tangu Baraza la Mawaziri liidhinishe Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na kutaka kifundishwe kwa lazima shuleni, wazo la programu ya kujifunza Kiswahili limekuwa jepesi kutajwa. Naliunga mkono kwa shingo upande. Kikundi kisicho na msemaji hata mmoja kitatoa kadi za "hujambo, sijambo" na picha za wanyama, kitu ambacho tayari kipo tele. Lakini lipunguzeni wazo. Wapo Wakongo wengi Kampala ambao Kiswahili ndicho wanachotumia wanapofika mahali ambapo Kiganda na Kiingereza vinawashinda. Kambi ya wakimbizi ya Nakivale iko mbali sana, Isingiro, na ukiiandika kwenye pendekezo utaishia kuitembelea mara moja kwa ajili ya picha. Katwe, mtaa wa hapa Kampala wanakoishi wengi wao, ni safari ya taksi mbili kutoka Makerere. Tatizo ni lilelile, ila hapa unaweza kurudi.

Kikundi kiende Jumamosi, kimuulize mama wa Bukavu anajielezaje kwenye duka la dawa akiwa na mtoto mgonjwa. Huenda akawaambia kwamba humrekodia sauti binti yake kwenye WhatsApp, naye binti hutafsiri na kumrudishia, na mwenye duka huisikiliza simu ikiwa juu ya kaunta. Ikiwa ndivyo, afadhali walijue hilo mwezi wa kwanza, kabla hawajachora skrini hata moja, kuliko kuulizwa na jopo mwezi wa nane.