Mkwe Ana Ngiri

Mimi ni dalali wa mawe hapa Arusha, na mtu anayetembea na tanzanaiti za watu mfukoni halali vizuri. Nikaomba kibali, nikapewa, nikanunua bastola. Kumbe kuipata ni kazi ndogo, shughuli ipo kwenye kuivaa.

Mkoba wa kwanza wa bastola alinishonea fundi viatu, ngozi laini, wa kuchomeka ndani ya suruali. Kwa baridi ya Julai, ukiwa na jaketi, safi kabisa. Tatizo ukichomoa bastola mdomo wa mkoba unajifumba, na ukilazimisha kuirudisha, ngozi inaweza kujikunja ikabonyeza triga. Hapo utazungumza na hospitali. Siku hizi navaa wa plastiki ngumu unaofunika triga yote, mkanda mnene, na suruali nimepanda kutoka kiuno 36 hadi 38. Ila Krismasi ile nilikuwa bado na ngozi yangu.

Tukaenda ukweni Marangu. Nyumbani sina sefu, kwa hiyo bastola ikasafiri nasi. Suruali ya mpangaji mmoja ikawa na wapangaji wawili. Kitako cha bastola kikanichimba ubavu njia nzima. Nikauhamishia mkoba mbele, kitambi kikakataa. Nikashuka kwenye Noah nimepinda upande.

Nikakaribishwa kigoda. Nikakalia nusu tako.

“Baba, unaumwa?” akauliza mama mkwe.

“Hapana mama, mimi mzima.”

Ikaja mbege, pombe ya ndizi ya Wachaga. Nikaikataa kwa adabu zote, maana pombe na bastola havikai kiuno kimoja. Uwanja mzima ukanyamaza. Mkwe, Marangu, Krismasi, anakataa mbege! Mama akamvuta mke wangu jikoni kumhoji. Mke wangu anajua kila kitu, lakini ukweni unaanzaje kusema “mama, mkweo ana silaha”? Akatoka huko kaziba mdomo kwa kanga, mabega yanacheza.

Jua halijazama, kikao cha wanawake kimeshapitisha: ngiri. Nikaletewa kikombe cha mizizi iliyochemshwa, chungu mpaka masikio yanawasha. Nikanywa chote, mama kasimama mbele yangu.

Shemeji akaja kuniinua kwa huruma, akanipitisha mkono kiunoni. Mkono ukagota, ukapapasa, ukarudi mbio.

“Mama! Imeshakuwa ngumu kama chuma!”

Mama akashika tama, kisha akageuka kuelekea jikoni: “Chochea moto. Hiyo inataka sufuria kubwa.”