Miaka 30 ipo, shahidi hayupo

Majuzi pale kijiweni Pasua, hapa Moshi, bodaboda walikuwa wanabishana kuhusu wabakaji. Mmoja alitaka wanyongwe. Mwingine akasema kuwahasi kunatosha, kama Madagaska walivyopitisha mwaka 2024 kwa wanaobaka watoto. Nikawauliza, kwani sheria yetu inasemaje sasa hivi? Kimya. Mmoja akakisia miaka saba.

Mjadala wetu huwa unapotelea hapo. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mtu mzima akitiwa hatiani kwa kubaka adhabu ya chini ni miaka 30 jela, na hakimu haruhusiwi kushuka hapo hata mshtakiwa alie machozi ya damu. Kwa mtoto wa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Kubaka kwa kundi, maisha pia. Kwa hiyo anayedai makali zaidi amebakiwa na ngazi mbili tu za kupanda: kitanzi au kisu.

Siwadharau wanaodai hivyo. Mama ambaye mwanawe wa miaka sita ametumwa dukani akarudi anachechemea hana muda wa kuhubiriwa haki za mfungwa. Na wana hoja nzito: kifungo cha maisha cha kwetu kinaweza kukatizwa na msamaha wa Rais. Wanamuziki Babu Seya na mwanawe Papii Kocha walifungwa maisha mwaka 2004 kwa kubaka watoto, na Desemba 9, 2017 wakasamehewa. (Wapo walioshangilia siku ile kwa kuamini hawakuwa na hatia. Hapo sasa hoja inageuka, maana aliyenyongwa kimakosa hakuna wa kumfungulia geti.)

Mimi kilichonitoa upande wa kitanzi ni kikao. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye kikao cha ukoo huko juu migombani, bila kuambiwa ni cha nini. Nikakuta ndoo ya mbege, pombe yetu ya ndizi, mbuzi amefungwa kwenye mgomba, na mzee ameshika jani la sale. Kwa Wachaga, ukiletewa sale kuombwa msamaha, kukataa ni kujitafutia laana. Mtoto wa darasa la sita alikuwa amebakwa na baba yake mdogo. PF3, ile fomu ya polisi ya kupimwa hospitali, ilishachukuliwa, ameshapimwa, kesi imefunguliwa. Bibi akasimama: "Mkimpeleka huko ni miaka thelathini. Huyu ndiye kitindamimba wangu, ndiye wa kubaki na nyumba. Nani atanizika?"

Hakuna aliyemjibu. Mtoto mwenyewe alikuwa jikoni anaosha kata za mbege. Siku ya ushahidi ilipofika, mahakama iliambiwa amesafiri. Ikaahirishwa, ikaahirishwa tena, ikafa.

Ingekuwa miaka minane, bibi angekubali? Labda angelia vilevile. Ila kila aliyesimama siku ile alianza na hiyo thelathini, hata baba wa mtoto, na kila ilipotajwa kosa lilizidi kuwa dogo na adhabu kuwa kubwa, mpaka mwisho aliyekuwa anahurumiwa ni mbakaji.

Na ukimficha mtoto, umeiua kesi kweli. Mahakama ya Rufani ilishasema katika shauri la Selemani Makumba mwaka 2006 kwamba ushahidi bora wa kubakwa hutoka kwa aliyebakwa. Neno la mtoto peke yake linatosha kumtia mtu hatiani, mahakama ikiridhika anasema kweli. PF3 haiwezi kupanda kizimbani ikamtaja mtu.

Linganisha na ile kesi ya Dodoma ya mwaka 2024, ya binti aliyebakwa na kundi huku akirekodiwa. Washtakiwa walifikishwa mahakamani Agosti, na Septemba 30 wanne wakafungwa maisha. Adhabu ile haikuwa mpya. Tofauti ni kwamba nchi nzima ilishaona video, na hakuna ukoo ambao ungeweza kukaa na mbuzi ukayamaliza.

Kuna upande ambao hata hiyo 30 naiona imezidi. Kijana wa miaka 18 kwa kosa la kwanza sheria inasema viboko tu. Akifika 19, na mpenzi wake ana 17 na wameridhiana, ni miaka 30. Nilipowaambia hivyo wale bodaboda, yule wa kunyonga aliuliza mara mbili: hata kama amekubali? Hata kama. Hapa hakimu angeachiwa nafasi ya kupima. Kwa aliyebaka mtoto mdogo sioni cha kupunguza wala cha kuongeza.

Nikiambiwa nichague mahali pa kuongeza makali, ningeyapeleka kwenye kile kikao: mzee wa sale, waliochangia mbuzi, na mimi, kwa sababu ile mbege niliinywa. Mama wa mtoto ningemwacha. Yeye ndiye aliyesema mahakamani kwamba binti amesafiri, najua. Lakini shamba analolima ni la bibi, na usiku ule alilala nyumba moja na mbakaji.