Dai Linaloweza Kujibiwa

Kila vijana wanapotangaza kwamba wataandamana Kampala, swali huwa lilelile: maandamano yamewahi kutusaidia nini? Wanaouliza si wafuasi wa serikali peke yao, kwani wengi ni wafanyabiashara wa katikati ya jiji wanaolazimika kufunga maduka mara moshi wa mabomu ya machozi unapofika mlangoni, na hasara yao ni ya kweli. Mimi huwajibu kwa kuwaelekeza kwenye barabara ya Jinja.

Msafiri anayesimama Najjembe, pale wachuuzi wanapokimbilia madirisha ya magari wakiwa na kuku wa kuchoma kwenye vijiti na gonja za moto, yaani ndizi za kuchoma, yumo ndani ya msitu wa Mabira. Mwaka 2007 serikali ilikusudia kuipa kampuni ya sukari ya Lugazi takriban hekta 7,100 za msitu huo ili ipande miwa. Upinzani ulitoka pande nyingi: wanunuzi wakaisusia sukari ya Lugazi, Kanisa la Uganda na ufalme wa Buganda wakajitolea kutoa ardhi nyingine, na tarehe 12 Aprili watu wakaandamana Kampala. Siku hiyo watu waliuawa, akiwemo mwanamume mwenye asili ya Kihindi aliyepigwa mawe na umati kwa sababu tu wenye kampuni nao ni Wahindi. Ulikuwa uovu mtupu, na kila anayeyasifu maandamano yale ana wajibu wa kuutaja. Hata hivyo mpango ulisitishwa mwaka uleule, na ulipofufuliwa mwaka 2011 ulipingwa tena, na hekta zile hazikukabidhiwa kwa kampuni.

Nadhani siri ya Mabira ilikuwa dai lenyewe. Watu walitaka msitu usitolewe, basi. Serikali ingeweza kukubali na kuendelea kutawala, na mtu wa chama chochote angeweza kulitamka dai hilo bila kuonekana amehama.

Ndivyo ilivyokuwa pia Julai 2018, ilipoanza kutozwa kodi ya asilimia 1 kwenye pesa za simu. Mtu aliyemtumia mama yake kijijini shilingi 100,000 aliiona shilingi 1,000 ikikatwa palepale, kwenye kibanda cha wakala, na hakuhitaji mchumi wa kumfafanulia. Waandamanaji wa tarehe 11 Julai walitawanywa kwa mabomu ya machozi, lakini kabla ya mwaka kwisha Bunge lilikuwa limeipunguza kodi hiyo hadi asilimia 0.5, tena kwa anayetoa pesa tu. Kodi ya mitandao ya kijamii, shilingi 200 kwa siku, ilidumu hadi 2021, kisha ikabadilishwa kuwa asilimia 12 kwenye data ya intaneti, kwa hiyo ushindi huo siwezi kuuita kamili.

Mwaka 2011 mambo yalikwenda vingine. Kampeni ya kutembea kwa miguu kwenda kazini ilianza na bei ya mafuta na chakula, malalamiko yaliyomgusa kila mtu, lakini baada ya muda mfupi mazungumzo yakageuka kuwa nani alistahili kutawala baada ya uchaguzi wa Februari. Serikali ikajibu kama inayopigania kiti chake, na bei zikasahaulika. Sisemi hivyo ili kuwaosha waliowafyatulia risasi watu wasio na silaha. Wala sisemi raia wasidai makubwa: mwaka 2017 walipinga kuondolewa kwa ukomo wa umri wa rais, dai lililo wazi kabisa na la haki, wakashindwa bungeni. Dai la namna hiyo lina thamani yake, ila anayelitoa ajue kwamba anamwomba mtawala aondoke, na ajiandae kwa safari ndefu.

Kinachonikera zaidi ni kwamba hata dai dogo sasa haliruhusiwi kufika linakokwenda. Ibara ya 29 ya Katiba inatupa haki ya kuandamana kwa amani na bila silaha. Sheria ya mwaka 2013 ilitaka waandaaji wawape polisi taarifa mapema, na Machi 2020 Mahakama ya Katiba ikakibatilisha kifungu chake cha 8, kilichowapa polisi mamlaka ya kuzuia mikutano. Bado taarifa huchukuliwa kama ombi, na jibu la ombi hilo huwa hapana. Tarehe 23 Julai 2024 vijana waliotaka kuandamana hadi Bunge kupinga ufisadi walikamatwa barabarani, na wengi wao wakashtakiwa kwa kuwa kero kwa umma. Wizi wa mali ya umma ni jambo ambalo serikali yenyewe husema inalipinga. Ofisa mmoja wa Bunge angeweza kuyapokea madai yao langoni, polisi wakiongoza magari, na maduka yangefunguliwa tena kabla ya saa sita mchana.