Mikanda ya Cena Haimfuniki Randy Orton

Kaa kwenye baraza yoyote ya kahawa hapa Mombasa, iwe Majengo au Kibokoni, uulize nani zaidi kati ya wanamieleka John Cena na Randy Orton. Utajibiwa kwa hesabu: Cena mikanda 17 ya ubingwa wa dunia, Orton 14, mjadala umekwisha. Mimi sikubali. Ndani ya WWE, kampuni ya mieleka ya Marekani, Orton ndiye aliyefanya kazi ngumu zaidi, na neno hili nitasimama nalo hata nikibaki peke yangu barazani.

Sote tunajua kuwa kwenye mieleka hii mshindi hupangwa kabla kengele haijalia. Ukihesabu mikanda, unahesabu maamuzi ya mabosi. Kitu ambacho hakuna bosi anayeweza kumpangia mtu ni kuufanya ukumbi mzima usahau kwamba mambo yamepangwa, na hapo ndipo ninapompimia mwanamieleka.

Walianza sawa. Wote wawili walifunzwa Ohio Valley Wrestling, kambi ya kuwanoa wanamieleka wa WWE, wakati mmoja na kina Brock Lesnar na Batista, na wote wakatokea kwenye televisheni mwaka 2002. Orton alikuja na jina la ukoo, maana babu na baba yake walikuwa wanamieleka. Cena hakuwa na hilo. Aliitikia tu mwito wa Kurt Angle, nyota aliyetaka mtu yeyote ajitokeze kupigana naye, akashindwa, na watu wakabaki wanaulizana huyu ni nani.

Agosti 2004, akiwa na miaka 24, Orton alikuwa bingwa wa dunia mwenye umri mdogo zaidi wa WWE. Kesho yake usiku bado yuko juu ya mabega ya Batista, anachekelea, Triple H, kiongozi wa kundi lao, akamwonyesha kidole gumba juu, kisha akakigeuza chini. Wakamshukia wenziwe mwenyewe. Kampuni ikajaribu kumfanya steringi, haikushika, na baada ya mwezi mmoja mkanda ukamtoka. Cena alipochukua ubingwa WrestleMania 21, onyesho kubwa la WWE la kila mwaka, mwaka uliofuata, njia zao zikawa zimeshagawanyika: mmoja wa kupendwa, mwingine wa kuchukiwa.

Na kuchukiwa ni kazi, ndugu zangu. Mtazameni Orton wa mwaka 2009. Harukiruki. Anatembea polepole kama mtu asiye na haraka na dunia, anamtazama mwenziwe aliyelala, kisha anarudi nyuma hadi pembeni mwa ulingo kujipimia teke la kichwa. Ile kurudi nyuma tu ilitosha kuwainua watu vitini. Mwaka 2007 teke hilo alimpiga babake Cena, mzee wa watu, na mwanawe anaona. Tangu siku hiyo, kila Cena alipoingia ulingoni kukutana naye, hakuna aliyehitaji kuelezwa kwa nini wanapigana. Cena alikuwa na sababu, na sababu hiyo alipewa na Orton.

Ndiyo maana mwaka 2009 waliweza kubeba pambano la dakika 60, ambalo mshindi ni mwenye kumshinda mwenziwe mara nyingi zaidi ndani ya muda huo, Cena akashinda 6 kwa 5, na watu hawakuchoka. Na Desemba 2013, mikanda mikubwa miwili ilipounganishwa, aliyeondoka nayo yote ni Orton.

Simnyimi Cena haki yake. Aliibeba kampuni mgongoni miaka na miaka, na amewatimizia watoto wagonjwa zaidi ya 650 ndoto ya kukutana naye. Hilo ni jambo la heshima, hata kama halihusiani na ulingo. Nenda ufuo wa Pirates jioni ya Jumapili uwaone watoto wanavyopigana mieleka mchangani: kila mmoja anapunga kiganja mbele ya uso, kila mmoja ni Cena. Anayelazimishwa kuwa Orton hununa. Lakini mpaka apatikane wa kuwa Orton, mchezo hauanzi.

Kisha tukaja kuona kwa macho yetu. Machi 2025, Cena akageuka mtu mbaya kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 20. Mei akampiga Orton huko huko kwao St. Louis, kwa pigo la chini ya kiuno na kumgonga kichwani kwa mkanda wa ubingwa. Wanasema mcheza kwao hutuzwa. Orton kwao alilazwa chali. Lakini je, kuna aliyemchukia Cena kikweli? Watu waliendelea kumshangilia, na kufikia Agosti alikuwa amesharudi kuwa mtu mwema. Kazi aliyoibeba Orton sehemu kubwa ya maisha yake ya ulingoni, Cena aliishika kwa miezi mitano, akaitua.

Desemba mwaka huo huo Cena akastaafu, akisalimu amri kwenye kabali ya mwanamieleka Gunther, na akaagwa kwa heshima zote alizostahili. Kwa hivyo mwenye kutaka kunijibu karibu barazani, ila asinianzie na hesabu ya mikanda. Anitajie pambano moja kubwa la Cena na Orton ambalo lingewaka moto bila ubaya wa Orton.