Bili Ina Kila Kitu Isipokuwa Mswaki

Rafiki yangu alinitumia picha za bili ya baba yake, kurasa kwa kurasa, na swali moja tu: "Ni halali hii?" Mzee alilazwa kwa kiharusi, na kiharusi kilikuwa kimeanza kutulia. Kilichompeleka ICU ni nimonia ya kupaliwa, ile ya chakula au mate kuingia mapafuni. Alilishwa akiwa amelala karibu chali, wala hakuna aliyekuwa amepima kama bado anaweza kumeza.

Nikaisoma ile bili. Kitanda kwa siku. Mashine ya kupumulia kwa siku. Oksijeni, antibiotiki, eksirei ya kila asubuhi. Hata glovu zimehesabiwa! Nilichokitafuta sikukiona: mtu wa kumsugua meno.

Cheka ukitaka. Hata mzima wa afya hupaliwa na mate kidogo usingizini. Kikohozi na kinga ya mwili husafisha, asubuhi anaamka hana habari. Sasa mpe mtu huyo dawa ya usingizi, mtie mrija kooni asiweze kukohoa wala kufunga koromeo, kisha uuache mdomo wake siku kadhaa bila mswaki. Bakteria wa mdomoni wanabadilika, wanakuja wale wakorofi wa hospitalini, na mate yanajikusanya juu ya kiputo cha mrija, kile kinachojazwa hewa kuziba koo la hewa, na kupenya tone kwa tone hadi mapafuni. Halafu tunashangaa homa imetoka wapi.

Si maneno yangu. Uchambuzi uliotoka mwaka 2023, uliounganisha majaribio 15, ulionyesha kwamba kuswakishwa kila siku kulipunguza nimonia za hospitalini kwa takriban theluthi moja, na wagonjwa wa ICU waliopigiwa mswaki walitoka kwenye mashine mapema na kufariki kwa uchache zaidi. Mswaki! Ungekuwa sindano, ungepewa jina zuri na bei ya kutisha, na sote tungekuwa tunauchangia harambee.

Kuinua kichwa cha kitanda nako ni bure. Barcelona, mwaka 1999, walilinganisha wagonjwa wa mashine waliolazwa chali na walioinuliwa nyuzi 45: dalili za nimonia zilionekana kwa 34 katika kila 100 waliolala chali, na 8 katika kila 100 walioinuliwa. Haya, nakubali: wengine walipojaribu baadaye, kumweka mtu kwenye nyuzi 45 saa zote kuliwashinda. Wagonjwa huteleza. Na nesi mwenye wagonjwa wengi kuliko mikono yake simlaumu. Namlaumu aliyepanga zamu akijua mashine inaingiza pesa na mswaki hauingizi.

Mrija wa kulishia? Hauzuii mate kwenda njia mbaya. Antibiotiki za kurundika? Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2019, wa nimonia iliyopatikana nje ya hospitali, unasema hata ikishukiwa ni ya kupaliwa, dawa za ziada dhidi ya bakteria wasiohitaji oksijeni zisiongezwe hovyo, labda pawe na jipu la pafu au usaha kifuani. Bado zinaongezwa, na bado zinalipiwa.

Kinachoniuma zaidi ni hesabu ya "amepona". Akitoka ICU hai, kwenye takwimu ni ushindi. Nyumbani anafika misuli imekwisha, hawezi kumeza maji bila kukohoa, na baada ya muda anarudi na nimonia ileile. Bili inaanza upya ukurasa wa kwanza. Kupima umezaji kabla ya mlo wa kwanza, baada ya kiharusi au baada ya kutolewa mrija, ni kazi ya dakika chache tu kando ya kitanda.

Kama una mgonjwa huko ndani, usiulize tu dawa gani anapewa. Uliza nani amemswakisha leo, saa ngapi, na kwa nini kitanda kimelala. Watakuona msumbufu. Waulize tena kesho.