Wameondoa Sinema, Wameacha Maegesho

Mtu akinikuta usiku nimeinamia kompyuta, nikivuta karibu picha ya setilaiti ya kipande cha ardhi ambacho sijawahi kukikanyaga, hudhani kwamba natafuta kiwanja cha kununua. Mke wangu naye alidhani hivyo, akawa mchangamfu kwa siku kadhaa, lakini tangu alipotambua kwamba ninachotafuta ni sinema za magari, zile za uwanjani ambamo watu walitazama picha wakiwa ndani ya magari yao, zilizobomolewa kabla hata hatujaoana, chai ya usiku najipikia mwenyewe. Simlaumu. Naomba tu ieleweke kwamba kazi hii ina adha nyingi, na kwamba sehemu kubwa ya adha hizo imesababishwa na watu ambao walijenga, wakafunga na kuvunja bila kufikiria hata kidogo kwamba kuna mtu atakuja kuulizia.

Hata ile sinema ya kwanza kabisa ina utata. Richard Hollingshead, mtu wa New Jersey huko Marekani, alitundika shuka kwenye miti ya nyumbani kwake, akaweka projekta juu ya boneti ya gari, akaficha redio nyuma ya shuka, kisha akafungulia maji ya bustani yamwagikie gari ili aone kama mvua ingemharibia starehe mtu aliyeketi ndani. Sidhani kama majirani walimwona mzima, na kwa sababu hiyo nampenda sana. Aligundua kwamba gari la mbele humziba aliye nyuma, akapandisha magurudumu ya mbele juu ya vigogo, na papo hapo akawa amepata ufumbuzi ambao baadaye ungekuwa matuta ya udongo. Tarehe 6 Juni 1933 akafungua milango, akitoza senti 25 kwa gari na senti 25 nyingine kwa kila kichwa kilichomo. Sasa fungua vitabu uone: wengi wameandika kwamba sinema hiyo ilikuwa Camden, ilhali kiwanja chenyewe kilikuwa Pennsauken, mji wa jirani. Haikudumu hata miaka minne. Ikiwa mama wa sinema zote za magari amepewa anwani ya jirani, hebu fikiria hali ya watoto na wajukuu waliozaliwa vichochoroni.

Nao walizaliwa kwa wingi. Hollingshead alikuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya kuumiliki uvumbuzi wake, lakini mwaka 1949 mahakama ya rufaa iliibatilisha, na kila aliyekuwa na shamba lililochoka na mkopo wa benki akasimamisha skrini. Kufikia mwaka 1958 Marekani peke yake ilikuwa na zaidi ya sinema 4,000 za aina hii. Huko New Jersey kulikuwa na moja, iliyofunguliwa mwaka 1948, ambayo ilipokea magari 500 pamoja na ndege ndogo 25, yaani mtu aliweza kutua, kutazama picha, kisha akaruka kurudi kwao. Mimi nikipata nafasi ya kuegesha gari dogo mbele ya duka naona nimebahatika.

Kinachoniokoa ni hayo matuta. Skrini huanguka kwa upepo au huuzwa kama chuma chakavu, kibanda cha bisi huezuliwa, uzio huibwa, lakini udongo uliochongwa kwa mistari ya nusu duara, mstari nyuma ya mstari, huwa hakuna mwizi anayeutaka. Ukiutazama kutoka angani unaona umbo kama upepeo uliosahauliwa porini, na mahali vijiti vya upepeo vinapokutana ndipo skrini iliposimama. Majani yakikauka, mistari hujitokeza hata katika viwanja vilivyotelekezwa miaka mingi. Unaweza pia kukisia upande wa skrini, kwa kuwa hakuna mwenye akili aliyeielekeza magharibi, jua la kuzama likaja kuimwagia mwanga wakati watu wameshalipa, na mara nyingi mgongo wake ulipewa barabara ili wapita njia wasitazame bure. Huo mgongo ndio ulioandikwa jina la sinema kwa taa kubwa kubwa. Jina zuri, taa nzuri, anwani hakuna.

Msaada mwingine umetoka mahali ambapo sikuutarajia. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilianza miaka ya 1930 kupiga picha za mashamba kutoka kwenye ndege, kwa nia ya kupima nani amelima kiasi gani, na katika kupima mahindi ya watu ikazinasa sinema bila kukusudia. Wachora ramani wa serikali nao walikuwa na adabu, wakachora hata mikunjo ya matuta na kuandika pembeni kwamba hapa pana sinema ya magari. Ningekuwa na uwezo ningewapelekea mbuzi wa shukrani. Tatizo ni kwamba marafiki zangu, wakishasikia habari ya umbo la upepeo, hunitumia kila kitu chenye umbo hilo, na asubuhi naamkia picha za viwanja vya besiboli kutoka kila pembe ya dunia, kila moja ikiwa na ujumbe wa kunipongeza.

Magazeti ya zamani ndiyo hunipandisha presha. Tangazo litakupa jina la picha, majina ya waigizaji, na hakikisho kwamba watoto wataingia bure, kisha litakuelekeza kwamba sinema iko maili mbili baada ya kutoka mjini. Mjini wapi? Mji ulioandikwa katika tangazo lile uliishia kwenye daraja, na mji wa leo umelivuka daraja, umezimeza hizo maili mbili, umekwenda kuungana na mji mwingine uliokuwa ukija kutoka upande wa pili. Barabara nayo imebadilishwa namba. Vitabu vya mwaka vya wafanyabiashara wa sinema vinaorodhesha jina la sinema, mji, na idadi ya magari yanayoingia, maana lililowahusu wao ni mapato, na aliyetaka kwenda aliaminiwa kwamba ataona taa.

Basi huwa naamua kuwauliza watu waliokuwapo, na hapo ndipo subira yangu hufikia ukomo. Hawa ni mashahidi waliokuwa katika eneo la tukio kila Jumamosi kwa miaka, lakini ukiwauliza lilikuwa wapi, mzee anatabasamu, anamtazama bibi aliye pembeni yake, na wote wawili wanaanza kucheka. Wanakumbuka rangi ya gari. Wanakumbuka jinsi baba fulani alivyoondoka kwa haraka akasahau kuking'oa kwenye dirisha kile kispika kilichofungwa kwa waya kwenye nguzo, akaondoka na waya, kispika na kioo juu. Picha yenyewe iliyooneshwa hawaikumbuki, na sababu siwaulizi, maana ni watu wazima. Mahali nako watakuelekeza kwa ukarimu kwamba palikuwa mkabala na kinu cha mbao, ng'ambo ya reli, karibu na hoteli ile iliyoungua, na kati ya hayo matatu hakuna hata kimoja kilichopo leo.

Zilikufaje? Kila mtu ana mshitakiwa wake. Wako wanaoilaumu televisheni, wako wanaozilaumu deki za video zilizoingia majumbani, na wako wanaoilaumu sheria ya mwaka 1966 iliyosambaza nchini kote desturi ya kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi, hata giza likawa linachelewa na picha ikaanza wakati watoto wanatakiwa kuwa kitandani. Yote ni kweli, lakini mshitakiwa wangu mimi ni ardhi yenyewe. Sinema hizi zilijengwa nje ya mji kwa sababu huko ardhi ilikuwa rahisi, kisha mji ukazifuata, na mwenye sinema akajikuta amekalia hekta kadhaa za dhahabu ambazo zinamwingizia pesa usiku tu, tena usiku usio na mvua. Alipokuja mtu na hundi ya kujenga maduka, yule bwana hakuhitaji kushawishiwa.

Na hapa ndipo ninapokasirika hasa. Mara nyingi mno, nikikamilisha uchunguzi, nikalinganisha picha ya ndege na picha ya setilaiti na kuweka alama mahali penyewe, nakuta duka kubwa, na mbele yake maegesho. Magari yale yale, mamia kwa mamia, yamepangwa kwa safu, yote yakitazama upande mmoja, isipokuwa sasa yanatazama ukuta. Watu wameketi ndani wakimsubiri aliyeingia kununua sabuni. Walichokifanya ni kuondoa kile kitu kimoja tu kilichokuwa na maana ya kutazamwa, wakaacha kazi ya kuegesha iendelee. Heri zile zilizogeuka magulio, kama ile ya Fort Lauderdale, Florida, iliyofunguliwa mwaka 1963 kwa ajili ya picha za usiku, kisha wauza mitumba wa mchana wakaizidi umaarufu.

Sinema ya magari ya Dar es Salaam ilifunguliwa mwaka 1966 pale Msasani, na leo ukiyatafuta matuta yake utakuta ubalozi wa Marekani, jengo lililoanza kutumika mwaka 2003. Wamarekani walivumbua kitu, kikasafiri nusu ya dunia, kisha wakaja kukikalia wenyewe. Hapo sijaribu hata kwenda kupiga picha uzio, kwa kuwa maelezo yangu kwamba natafuta matuta ya udongo yangechukua muda mrefu kuaminika. Nairobi angalau makondakta wanatunza kumbukumbu, maana majina ya sinema zilizokufa, Belle Vue katika barabara ya Mombasa na Drive-In katika barabara ya Thika bado yanatajwa kama vituo, na abiria hushuka hapo kila siku bila kuulizia picha inaanza saa ngapi.

Kuna wanaonishauri niache makaburi, niende kwenye sinema zilizo hai, kwa kuwa Marekani zimebaki takriban 300, na ile ya Shankweiler huko Pennsylvania inafanya kazi tangu Aprili 1934. Ushauri huo hutolewa na watu wasiosoma ratiba. Huwezi kuanza mpaka giza liingie, kiangazi giza huingia saa tatu usiku, na kwa desturi huoneshwa picha mbili mfululizo. Mimi saa tatu huwa nimeshalala, isipokuwa kama nimepata picha mpya za Wizara ya Kilimo.