Sijajenga, na Nimefanikiwa

Wiki hii nimepokea barua kutoka kwa mwenye nyumba wangu hapa Hamburg, na furaha iliyonipa ni kubwa kuliko inavyostahili barua ya namna hiyo. Anaeleza kwamba madirisha ya jengo letu la matofali mekundu, mtaa wa Barmbek, yamechakaa na yatabadilishwa, kwamba mafundi wanaomba kuingia kwangu Jumanne kati ya saa mbili na saa nne asubuhi, na kwamba ikiwa siku hiyo hainifai nichague nyingine kati ya zile alizoziorodhesha. Aliyewahi kupanga Ngamiani kule Tanga au Tandika kule Dar es Salaam ataelewa bila maelezo kwa nini niliisoma mara mbili.

Jirani yangu wa ghorofa ya chini ni mwalimu mkuu mstaafu. Amelea watoto katika nyumba hiyo hiyo ya kupanga, mkewe amefia humo, na hajawahi kumiliki hata chumba kimoja, lakini sijamsikia mtu akisema kwamba maisha yamemshinda. Zaidi ya nusu ya wakazi wa Ujerumani ni wapangaji, wakiwamo madaktari na mahakimu, na watu wakikutana hawaulizani wamejenga wapi.

Kwetu hilo ndilo swali la kwanza. Kila ninapokwenda likizo Tanga, chai haijapoa nimeshaulizwa, na nikijibu kwamba sijajenga hupewa pole kama mfiwa.

Najua nitaambiwa kwamba nimekuwa Mzungu, kwamba ninadharau kwetu kwa sababu ninakaa kwenye joto la bomba wakati wengine wanahangaika. Sikubali. Baba yangu alikuwa karani wa bandari, akapanga nyumba ya Msajili wa Majumba, chombo cha serikali kilichopangisha nyumba, mojawapo ya zile zilizotaifishwa mwaka 1971, na ndani ya vyumba vile vya kupanga alitusomesha wote na kuwapokea wageni ambao hawakulala njaa. Mtaa mzima ulimheshimu. Heshima ya mpangaji, kwa hiyo, sikujifunza Ulaya. Nimezaliwa nayo, na ninajivunia kwamba nilizaliwa katika mji ambao wakati ule mtu alipimwa kwa namna alivyoishi na wenzake.

Wala siwalaumu wanaojenga, kwa maana ninajua wanachokikimbia. Unatakiwa kutoa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, dalali anataka mwezi wake, halafu siku moja mwenye nyumba anakwambia kwamba mwanawe anaoa, kwa hiyo uondoke mwisho wa mwezi. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kila mmoja amejitafutia kinga yake kwa saruji na nondo. Hapa mwenye nyumba hawezi kukutoa bila sababu inayotambuliwa na sheria, tena lazima akupe notisi ya miezi mitatu, na ukiwa umekaa zaidi ya miaka minane notisi hiyo inafika miezi tisa. Dhamana anayoruhusiwa kukudai haizidi kodi ya miezi mitatu, nayo unaweza kuilipa kwa awamu. Kupata nyumba yenyewe ni kazi ngumu, hasa kwa mwenye jina kama langu, na hilo sitalificha. Lakini ukishaipata unalala. Utulivu wa jirani yangu umetoka kwenye sheria hizo, na hakuna kinachotuzuia kuwa na sheria kama hizo nyumbani.

Kinachoniudhi ni kwamba hofu hiyo ya kufukuzwa kwenye nyumba tumeigeuza kipimo cha utu. Ninamfahamu Mtanzania mwenzangu hapa anayebeba maboksi ghalani usiku na kusafisha ofisi asubuhi, na mapato yake yote yanakwenda kwenye nyumba anayoijenga Bunju, Dar es Salaam. Hunionyesha picha kwenye simu: msingi, kisha renta, kisha mbao za kupaulia, kisha bati la msauzi jekundu. Mlinzi na familia yake ndio wanaoishi humo. Mwenye mali hajawaona watoto wake tangu walipokuwa wadogo, kwa sababu nauli ya kwenda kuwaona ilinunua madirisha ya aluminiamu. Kila anayepita pale Bunju anamhesabu kuwa amefanikiwa.

Mimi pesa zangu zilikwenda kwingine. Mama alipoharibikiwa figo alisafishwa damu mara tatu kila wiki, na kila mara ililipiwa kwa mshahara wangu wa uuguzi, hadi alipotutoka akiwa amewaona wajukuu ambao bila hivyo asingewaona. Fedha ile ingetosha nyumba ya vyumba vitatu Pongwe, na kisima juu yake. Siku ya mazishi, kwenye mkeka, nilimsikia mama mmoja akinong’ona kwamba binti yuko Ulaya lakini hata nyumba hakumjengea mzazi wake. Sikumjibu siku ile, kwa kuwa hapakuwa mahali pake. Ninamjibu sasa: mama yangu alipata muda wa kuishi, na alitaka muda huo kuliko kuta. Mtu akiniuliza mafanikio yangu yako wapi, nitamtajia miaka hiyo, pamoja na mdogo wangu ambaye leo ni mkunga kwa ada niliyomlipia.

“Sawa, dada, lakini ukistaafu utafikia wapi?” Swali hilo ni la haki. Kila mwezi ninakatwa mchango wa pensheni, na nikifika miaka 67 malipo yake yatanifuata hata nikihamia Tanga. Nikirudi nitapanga, kama baba. Ninataka vyumba viwili Chumbageni, karibu na bahari, nami nitamwomba mwenye nyumba mambo matatu tu: mkataba ulioandikwa, risiti ya kila kodi, na kwamba abishe hodi kabla ya kuingia.